Mwambie Mwenye Baiskeli

Tangazo lilisomwa Jumapili baada ya ibada. Aliyelisoma ni katekista Dionisi, ambaye alisoma matangazo yote kwa sauti ileile, liwe la ndoa, la msiba au la mbuzi aliyepotea. Alisema madaktari wa macho kutoka Ifakara watafika Mlimba na gari lao na kupiga kambi katika shule ya msingi, na kila mwenye mtoto wa jicho apelekwe akatolewe bure. Mgonjwa aje na ndugu mmoja wa kumwongoza, kumlisha na kumtia dawa machoni. Kisha Dionisi akageuza karatasi na kuendelea na habari za mbuzi.

Evaristo, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, alilisikiliza tangazo lile kwa furaha mpaka lilipofika kwenye maneno "ndugu mmoja." Hapo furaha yake ilipungua kama maji yanayomezwa na mchanga.

Mgonjwa alikuwepo nyumbani kwake. Mama mkwe wake, Merina, alikuwa haoni kwa miaka mingi sasa. Weupe ulianza jicho la kulia, ukahamia la kushoto, na mwishowe akaletwa kukaa kwa binti yake Rosemery. Evaristo alimjengea kibanda nyuma ya nyumba, mlango akauelekeza migombani, ili mkwe na mkwe wasikutane uso kwa uso. Ndivyo heshima ilivyotaka. Mwanaume hapiti mbele ya mama mkwe wake, hali chakula akitazamwa naye, hamshiki mkono, wala hamwambii neno moja kwa moja. Maneno yote yalipitia kwa Rosemery.

"Rosemery, mwambie mumeo mlango wangu umelegea," Merina angesema, na Evaristo amesimama palepale, nyundo mkononi.

"Mume wangu, mama anasema mlango umelegea."

"Mwambie mama nimesikia."

Sasa Luciana, mtoto wao, ndiye aliyeleta taabu. Alikuwa mtoto mchanga, amezaliwa juzi tu, na mama yake alikuwa bado hawezi hata kuchota maji, sembuse safari ya Mlimba. Kaka yake Rosemery, Eustaki, alikwenda Dar es Salaam akasahau njia ya kurudi. Majirani wote walikuwa mashambani wakivuna, maana mwaka ule, baada ya mvua za Elinino, kila aliyepata chochote alikimbilia kukiweka ghalani. Akabaki Evaristo.

Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo Evaristo alimwambia Mungu peke yake. Tangu mama mkwe apofuke, yeye alikuwa amezoea raha. Akitoka kuoga alikatiza mbele ya kibanda kifua wazi, badala ya kuzunguka migombani. Na siku za samaki alikaa jikoni, karibu kabisa na mama mkwe aliyekuwa akiota moto, akanyonya vichwa vya kambale taratibu bila kutoa sauti. Macho yale yakifunguka, raha hiyo imekwisha.

Jioni ile alipiga magoti kando ya kitanda, akasali: "Ee Mungu, mponye mama huyu. Lakini usifanye haraka sana."

Alipoinuka aliona aibu, lakini sala ilikuwa imeshakwenda.

* * *

Merina naye hakutaka.

"Anitie dawa machoni?" alimuuliza Rosemery. "Mkwe wangu anishike uso? Mimi nimekosa nini mpaka nifanyiwe hivyo?"

"Mama, katekista amesema hakuna amri ya Mungu inayokataza."

"Dionisi mama mkwe wake alikufa kabla hajaoa. Atajua nini?"

Rosemery alimpakata mtoto upande wa pili. "Basi. Kaa hapo. Luciana akikua tutamwambia bibi yako alikataa kukuona kwa sababu ya aibu."

Merina alinyoosha mkono akaupapasa uso wa mtoto, paji, pua, kidevu, kama afanyavyo kila siku tangu azaliwe.

"Mnasema amefanana na nani?"

"Na baba. Marehemu baba mtupu."

"Watu wote mnasema hivyo. Mtu kipofu huambiwa mambo mazuri tu." Akavuta pumzi. "Nataka nimwone mwenyewe. Mwambie mumeo apake grisi baiskeli."

Evaristo, nyuma ya ukuta, alisikia. Akasubiri aambiwe.

* * *

Waliondoka alfajiri. Merina aliketi upande kwenye keria, juu ya gunia lililokunjwa, na kati yake na mgongo wa Evaristo Rosemery alifunga kapu lenye kuku jike mwekundu. Kuku yule alikuwa zawadi ya daktari, lakini alikuwa na kazi nyingine pia. Merina hakuweza kumshika mkwe wake kiuno, ila kapu aliweza kulikumbatia.

Walikwenda kimya mpaka njia ilipoanza kuteremka. Baiskeli ilishika kasi. Mawe yakaruka. Rosemery alikuwa mbali, na neno lilikuwa halina pa kupitia.

"Wewe kuku," Merina alisema ghafla, "mwambie mwenye baiskeli kwamba mimi nina wajukuu."

Evaristo alishangaa. Halafu akaelewa, na moyo ukamtulia.

"Wewe kuku, mwambie mama asiogope. Ila breki ya nyuma haishiki vizuri."

"Wewe kuku, hilo ungenificha."

Kuanzia hapo kuku hakupumzika. Aliambiwa kwamba jua limekuwa kali, kwamba kuna mihogo ya kuchemsha ndani ya khanga, kwamba mwenye baiskeli asimame karibu na kichaka kinene na yeye aende mbele asigeuke nyuma. Alipeleka ujumbe wote sawasawa bila kuongeza neno, jambo ambalo hata Rosemery hakuliweza.

Bondeni walifika kwenye kijito ambacho daraja lake lilikuwa limechukuliwa na mafuriko, likabaki gogo moja. Evaristo alivusha baiskeli, akavusha kuku, akarudi, akasimama. Mama mkwe alikuwa ukingoni, ameshika hewa. Hapa alitakiwa mkono, na kuku hana mkono.

Ng'ambo alikuwepo Msukuma mmoja akinywesha ng'ombe, mtu mzima mwenye kofia pana. Jina lake Makoye, na alikuwa amewaona tangu walipokuwa wakiteremka.

"Bwana mdogo," alisema, "nimekuwa nikiwasikiliza. Wewe unaongea na kuku, mama anaongea na kuku, kuku mwenyewe amenyamaza. Hii ndoa ya wapi?"

"Ni mama mkwe wangu," Evaristo alijibu, akitazama chini.

Makoye alivua kofia. Akapiga mluzi, ng'ombe wakaachia njia.

"Samahani sana. Sikujua nimekuta mambo mazito." Akavuka lile gogo, akanyoosha fimbo yake ya kuchungia. "Shikamoo mama. Shika hapa. Mimi si mkwe wako, nina wakwe wangu wananitosha."

"Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wako wananuka vizuri."

"Wewe mama wasema kweli. Wenyeji wa huku wanasema wananuka tu."

Waliposhika njia tena Merina alicheka peke yake kwa mwendo mrefu. Kuku hakuambiwa kwa nini.

* * *

Shuleni Mlimba madawati yalikuwa yamerundikwa nje, na darasa la tatu lilikuwa limegeuzwa wodi. Wagonjwa walilala kwenye mikeka, vichwa ukutani, ubaoni juu yao kukiwa bado na hesabu za kugawanya. Waliokuwa bado hawajatibiwa walipanga mstari barazani, wengine wakiongozwa kwa fimbo, wengine kwa pindo la nguo.

Aliyekuwa mwenye amri ni nesi Sumayya, binti wa mwenye duka wa Ifakara, mwenye ushungi mweupe na sauti ya kupimia vitambaa. Alimmulika Merina kwa tochi, akafurahi.

"Bibi, hawa watoto wa macho wameiva. Daktari atatoa hili la kulia leo, ataweka kioo kidogo ndani, kesho tunafungua. Ukiona, keshokutwa tunafanya la pili kabla hatujaondoka. Usipoona, hatufanyi, maana watu ni wengi. Sawa?"

"Sawa, mwanangu."

"Na kuku haingii wodini."

"Ni wa daktari."

"Hata awe wa askofu."

Evaristo akamweka kuku nje, chini ya dirisha, kwenye kivuli. Aliporudi, Sumayya alimtazama kuanzia miguuni. Vumbi jekundu la njia yote lilikuwa limeganda kwenye jasho la shati lake.

"Wewe ndiye mtia dawa? Kaka yangu, kwa shati hilo hutagusa jicho la mtu hapa. Ukafue. Uvae lingine."

Wagonjwa, ambao hawakuona, na ndugu zao, ambao waliona, walisikiliza Evaristo atajibu nini. Hakuwa na lingine. "Ndiyo nesi," alisema.

Merina alipelekwa chumba cha walimu akachomwa sindano ya ganzi, akatoka jicho likiwa limefunikwa kwa pamba na plasta. Kulipokucha Evaristo alikwenda bombani, akafua shati kwa kipande cha sabuni cha kuazima, akalitandaza kwenye uzio wa shule. Alikusudia kukaa nyuma ya jengo mpaka likauke. Lakini sauti ya Sumayya ilimfuata huko huko.

"Ndugu wa Merina yuko wapi? Daktari anafungua. Njoo ujifunze."

"Nesi, nguo—"

"Nguo utavaa baadaye. Njoo."

Akaenda kama alivyo, kifua wazi, akasimamishwa miguuni pa mkeka.

Daktari Mtoro alikuwa mtu mpole wa umri wa kati, mchovu wa macho yeye mwenyewe. Alichuchumaa, akabandua plasta, akapangusa. "Fungua taratibu, mama."

Jicho likafunguka. Lilikuwa jeusi, linang'aa, halina ule weupe hata chembe. Evaristo aliliona kwa kufumba na kufumbua, kisha akakumbuka adabu na kuyateremsha macho yake kwenye vidole vya miguu.

"Vidole vingapi hivi?"

Merina alikuwa amefumba.

"Mama, fungua. Vidole vingapi?"

"Sioni."

"Mwanga je? Dirisha?"

"Sioni kitu, mwanangu. Sioni kitu kabisa." Akavuta khanga mpaka kwenye paji la uso.

Daktari aliinua kope kwa kidole, akamulika, akamulika tena. Jicho lilimkimbia, likatazama dari.

"Jicho lenyewe zuri," alimwambia Sumayya kwa sauti ya chini. "Huenda mshipa wa ndani ulikufa zamani. La pili tuliache. Mpe nafasi mwingine." Akamgusa Merina begani. "Pole sana, mama." Akahamia mkeka wa pili.

Evaristo alibaki amesimama. Ile sala yake ya kando ya kitanda ilimrudia neno kwa neno. Aliomba haraka isiwepo, na Mungu, ambaye kwa mambo mengine huchukua muda, hili alilisikia siku ileile. Njia yote ile, mawe, gogo, fimbo ya Makoye, na sasa mama wa watu atarudi kumpapasa mtoto usoni mpaka kufa.

"Ee Mungu," alisema moyoni, "nilikuwa mpumbavu. Lifute lile ombi langu. Nitazunguka migombani siku zote. Vichwa vya samaki sitaki tena."

Merina aligeuka akaelekea ukutani. Kisha akageuka zaidi, kuelekea dirisha ambalo chini yake kuku alikuwa akiparua kapu. Akasema polepole, kwa sauti ya kumtuma mtu dukani:

"Wewe kuku. Mwambie mwenye baiskeli shati lake lile pale kwenye uzio, upande wa lango. Akavae, hata kama lina maji."

Evaristo akatazama dirishani. Shati lilikuwa uzioni, upande wa lango, mikono imetanda kama linasali. Hakuwa amemwambia mtu alipolianika.

Alitoka mbio.

* * *

"Anaona," alimwambia Sumayya barazani, huku akivaa, maji yakimchuruzika mgongoni.

"Nani?"

"Mama mkwe. Amemwambia kuku shati langu lilipo."

Sumayya alimtazama kwa huruma. "Kaka, umekunywa uji asubuhi?"

"Nesi, nisikilize. Yule ni mama mkwe wangu. Mimi nilikuwa kifua wazi. Amefungua jicho akakutana na mimi. Angesema anaona, si ndiyo amekiri ameniona?"

Kwao Sumayya walimchekea mtu kwa mengi, lakini kwa ukwe hawakumchekea. Akaingia ndani, akamvuta daktari kwa mkono wa koti. Evaristo alibaki nje ya ukuta, amechuchumaa kando ya kapu, sikio dirishani.

"Mama," sauti ya daktari ilisema, "humu sasa tupo mimi na nesi na wagonjwa wenzako. Yule kijana ametoka. Vidole vingapi?"

"Amevaa?"

"Amevaa."

"Vitatu. Na sasa viwili. Na koti lako limepungukiwa kifungo cha pili."

Wodi ilinong'ona kutoka mkeka hadi mkeka.

"Mbona uliniambia huoni kitu?"

"Ulitaka niseme naona nini, mwanangu? Wewe huna mama mkwe?"

"Ninaye."

"Amekuona kifua?"

Evaristo alisikia kiti cha mwanafunzi kikilia kwa kubeba mtu mzima, kisha kicheko kilichoanza kama kikohozi. Daktari alicheka mpaka akalazimika kufuta miwani.

"Sumayya," alisema alipopata pumzi, "la kushoto kesho. Na ndugu yeyote akija kwenye kufungua, muulize kwanza ni nani wa mgonjwa."

Chini ya dirisha Evaristo alifanya ishara ya msalaba. Halafu, kwa kuwa hakuwa na mwingine karibu, akamwambia kuku asante.

* * *

Ilibaki ile dawa ya matone. Mara ya kwanza Evaristo aligeuza uso pembeni kwa heshima, akaminya, na tone likaangukia pua ya mama mkwe. La pili likaingia sikioni. Sumayya alisimama mikono kiunoni.

"Bibi, mkwe wako anamwagilia bustani."

"Wewe kuku," Merina alisema, akiinua kidevu, "mwambie mwenye baiskeli: mimi nitatazama dari. Na yeye atazame jicho, asitazame mtu."

Basi wakafanya hivyo. Alisimama kichwani pake, mama akitazama juu, na Evaristo akatazama jicho tu, kama mtu anayetia mafuta kwenye mnyororo. Likaingia. Alipomaliza, Merina akajifuta kwa pindo la khanga kwa utulivu mkubwa, kana kwamba tone lile limetoka mbinguni bila kushikwa na mtu.

Siku ya kuondoka, macho yote mawili yakiwa yamefunguliwa, Merina alimkabidhi daktari kuku wake. Daktari alikataa, akisema huduma ni bure. Sumayya akampokea, akisema kuku hajasikia habari hiyo.

* * *

Njia ya kurudi Evaristo alikokota baiskeli kilimani na Merina alitembea nyuma kwa miguu yake, akisimama kila mahali. Alitazama bonde na mabua ya mpunga. Alitazama yangeyange wakifuata ng'ombe, na akamjua Makoye kwa kofia kabla hajamjua kwa sauti. Makoye alimpungia fimbo kutoka mbali, naye akampungia khanga. Gogo alivuka mwenyewe.

Walipofika tambarare alipanda keria, kapu likiwa pale pale kati yao, tupu. Walikwenda kitambo kirefu. Evaristo alimsikia akisafisha koo mara mbili.

"Wewe kapu," alisema hatimaye, "mwambie mwenye baiskeli kwamba masikio yangu hayajawahi kuumwa."

Evaristo alikaza mikono kwenye usukani.

"Mwambie kichwa cha kambale hakinyonywi kimya. Hata ajaribu vipi. Miaka yote nimekaa pale jikoni nasikia, nasema moyoni, mkwe wangu anakula, anashiba, anamlisha na mwanangu. Nikasali rozari yangu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti ile."

Baiskeli iliyumba, ikapita kwenye mchanga, ikarudi njiani.

"Ila sasa," Merina aliongeza, "azunguke migombani."

"Wewe kapu," Evaristo alisema, "mwambie mama nimesikia."

* * *

Rosemery alikuwa mlangoni na mtoto. Alimwona mama yake akishuka bila kushikwa, akikwepa jiwe la kunolea visu ambalo kwa miaka yote hiyo lilimjeruhi vidole, akaanza kulia kabla ya salamu. Merina hakumngoja. Alimchukua Luciana, akamfunua nguo, akamgeuzia mwanga. Alimtazama paji, akamtazama pua, akakaa sana kwenye kidevu. Evaristo alikuwa ameshapita nyuma, vifungo vya shati vyote vimefungwa hadi shingoni, anazunguka migombani kama alivyoahidi. Majani yalimficha, lakini hayakuzuia sauti.

"Mlinidanganya," Merina alisema.

"Tulikudanganya nini, mama?"

"Huyu hakufanana na marehemu hata ukucha. Huyu amefanana na mwenye baiskeli. Macho, pua, mpaka hiki kidevu chenye shimo."

Rosemery aliacha kulia. Akajipangusa, akamtazama mama yake vizuri.

"Mama," alisema, "hicho kidevu umekiona wapi?"

Migombani palitulia. Merina alivuta khanga taratibu, akajifunika uso, yeye na mjukuu wake pamoja. Halafu, kwa mazoea, akageukia kapu.

Lilikuwa tupu, na halikuwa na la kujibu.